Ufukwe usio na watu kisiwani: namna ya kwenda, kukaa na kurudi

Ufukwe wa faragha ukiufikia hukuti viti vya kulalia, mwokoaji aliyekaa juu ya mnara, wala mtu wa kukuuzia maji ya kunywa. Hiyo ndiyo raha yake. Hatari yake nayo inatoka palepale: ulichosahau hukipati, na msaada uko mbali. Kwa hiyo safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Jua kwanza utatoka vipi, saa ngapi, na utapita wapi iwapo njia uliyojia itafunikwa na maji. Ukishayajua hayo, mengine ni mepesi kuyapanga.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa

Mahali pasipo na watu si mahali pasipo na mwenyewe. Fukwe nyingi tulivu zimebaki tulivu kwa sababu ni hifadhi za kasa au ndege, na hufungwa miezi ya kutaga. Nyingine zimo ndani ya ardhi ya mtu, au ya jamii inayozika wazee wake pale. Viko hata visiwa visivyosogelewa kabisa. North Sentinel, katika visiwa vya Andaman, sheria ya India inakataza watu kukikaribia, kwa kuwa wenyeji wake hawana kinga dhidi ya magonjwa yetu ya kawaida na wameonyesha waziwazi kwamba hawataki wageni.

Kwingine unaruhusiwa, ila kwa masharti. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilikuwa ikipokea maelfu ya watu kwa siku hadi matumbawe yake yakaharibika. Ikafungwa mwaka 2018, na ilipofunguliwa tena Januari 2022 boti zilipigwa marufuku kuingia ndani ya ghuba na idadi ya wageni ikawekewa kikomo. Kisiwani Kauai, Hawaii, asiye mkazi lazima awe ameweka nafasi mapema ndipo aingie katika hifadhi ya Haena, inakoanzia njia ya miguu ya kwenda ufukwe wa Hanakapiai.

Uliza ofisi ya hifadhi, halafu uliza wavuvi. Ofisi itakueleza sheria, wavuvi watakueleza bahari. Maelezo yao yakigongana kuhusu usalama wa maji, mimi huwaamini wavuvi.

Hatua ya 2: Chagua majira na upande wa kisiwa

Kila kisiwa kina upande wa joshi, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa nao. Upepo wa msimu ukigeuka, pande hizo hubadilishana. Ndiyo maana picha ya ufukwe uliotulia haikuambii lolote mpaka ujue ilipigwa mwezi gani. Kisiwani La Digue, Shelisheli, fukwe za Grand Anse na Petite Anse zinatazama kusini mashariki. Kusi linapovuma, kati ya Mei na Septemba hivi, mawimbi yake ni makubwa na mikondo yake ni mikali, wakati upande wa pili wa kisiwa hichohicho watu wanaogelea bila wasiwasi.

Msimu wa vimbunga nao uujue. Atlantiki na Karibi ni Juni hadi Novemba. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Kaskazini magharibi mwa Pasifiki kimbunga kinaweza kuja mwezi wowote. Na usitazame anga peke yake, maana dhoruba iliyo umbali wa maelfu ya kilomita huleta mawimbi marefu mpaka kwenye ufukwe wenye jua kali na upepo mwanana. Hanakapiai niliyoitaja, mawimbi ya miezi ya baridi huzoa mchanga wake wote yakaacha mawe matupu. Aliyeona picha ya kiangazi akaenda Januari anakuta mahali pengine kabisa.

Hatua ya 3: Yajue maji kujaa na kupwa

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hunaswa.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Maana yake, kesho yatajaa karibu dakika 50 baadaye kuliko leo, na ratiba ya juzi haikufai. Ziko bahari chache ambako hujaa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo tafuta jedwali la maji la kisiwa chenyewe, usikisie kwa kufuata la jirani. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kama njia yako inapita chini ya jabali au inazunguka rasi kwa kukanyaga mwamba, bamvua hukupa nafasi pana zaidi ya kupita maji yakiwa yamekupwa, na adhabu kali zaidi ukichelewa.

Kasi ya maji haiko sawa muda wote. Mabaharia hugawa ujazo wote katika mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya maji kukupwa kabisa huingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, ya sita fungu 1. Yatazame vizuri mafungu hayo. Mtu aliyekaa mchangani anaiona saa ya kwanza inapita na maji yamesogea kidogo tu, anajiambia bado mapema. Saa ya tatu na ya nne pekee huleta nusu ya maji yote. Anapoinuka kuondoka, mwamba aliopita miguu mikavu umeshazama mpaka kiunoni na mawimbi yanampiga ukutani.

Kwa hiyo, kama unazunguka rasi, vuka maji yakiwa bado yanapwa, kiasi cha saa mbili kabla hayajafika chini kabisa, na uwe umerudi upande wa pili ndani ya saa moja baada ya maji kufika chini kabisa. Ukishindwa, usijaribu kuwahi. Panda mahali pakavu usubiri. Kutoka maji kupwa hadi kupwa tena ni kama saa 12 na nusu, muda mrefu na wa kuchosha, lakini utatoka mzima.

Ufukwe wenyewe pia unasema. Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na makombe uliolala sambamba na bahari: hapo ndipo maji ya mwisho kujaa yalipofika. Kama juu ya mstari huo kuna mchanga mkavu na majani yaliyoota, una pa kukaa. Kama mstari haupo, na jabali lina weusi wa unyevu na chaza walioganda hadi usawa wa kifua chako, elewa kwamba maji yakijaa ufukwe huo haupo. Kisha chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji mara tu unapofika, ukitazame baada ya robo saa. Ni njia rahisi ya kujua maji yanaelekea wapi hata kama simu imezimika.

Hatua ya 4: Panga usafiri, mwachie mtu ratiba

Ukienda kwa boti, makubaliano na nahodha yafanyike kabla ya kung'oa nanga: anakushusha wapi, anarudi saa ngapi, na afanye nini bahari ikichafuka. Mwombe namba ya mwenzake pia, kwa ajili ya dharura ya injini. Nauli ya kurudi ilipwe wakati wa kurudi. Muulize saa ambayo boti haiwezi kuvuka mwamba kwa maji kupwa, maana mara nyingi yeye analijua hilo na wewe unajua saa ya chakula cha jioni tu. Jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya kuondoka, likukae sawasawa. Lililofungwa chini ya kiti halimsaidii mtu boti ikipinduka.

Ukienda kwa miguu, kumbuka kwamba katika tropiki giza huingia upesi. Jua likishazama una kama dakika 20 hadi 25 za mwanga wa kutembelea, na msituni ni chache kuliko hizo. Mimi ningetaka kila mtu awe ameanza kurudi saa tisa alasiri, hata kama njia ni fupi.

Mtu mmoja asiyekwenda nawe abaki na ratiba: jina la ufukwe, njia, saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajakusikia aanze kutafuta msaada. Hiyo saa ya mwisho ndiyo watu huisahau, na bila hiyo anayekungoja atakaa na wasiwasi asijue achukue hatua lini.

Hatua ya 5: Fungasha

Maji kwanza. Chukua lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku nzima, zaidi ikiwa kuna mlima wa kupanda. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na mwili unatumia maji mengi kuitoa chumvi hiyo kuliko yale uliyokunywa, kwa hiyo yanaongeza kiu na kuua. Vijito vinavyoshuka ufukweni vinapendeza, ila visipochemshwa au kusafishwa usivinywe.

Jua la tropiki ni kali hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kivuli pekee hakitoshi: mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya miale inayounguza ngozi, na povu la bahari asilimia 25. Shati jepesi la mikono mirefu linafanya kazi kubwa kuliko losheni, na halioshwi na maji. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF 30 au zaidi, ipakwe upya kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Soma viambato vyake kabla ya safari. Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimezuia kuuzwa kwa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe. Zenye zinki oksidi ndizo mbadala wa kawaida.

Vingine ni viatu vya kuingilia majini vyenye soli ngumu, kofia, tochi, filimbi, mfuko usiopitisha maji wa kuwekea simu na pawabenki, ramani uliyoipakua ukiwa na mtandao, bendeji, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea miiba, chupa ndogo ya siki, na mfuko wa taka. Milio mitatu ya filimbi, kisha kimya, kisha mitatu tena, ni ishara ya kuomba msaada inayoeleweka sehemu nyingi.

Hatua ya 6: Ukifika, itazame bahari kabla ya kuingia

Keti mahali palipoinuka kidogo, utazame kwa dakika 15 hadi 20. Mawimbi huja kwa makundi. Ukiingia katika utulivu wa katikati unaweza kudhani bahari ndiyo ilivyo, kumbe kundi kubwa liko njiani.

Unachotafuta zaidi ni mkondo unaorudi baharini. Kulia na kushoto mawimbi yanavunjika meupe, halafu katikati kuna ujia ambao hayavunjiki. Maji yake ni meusi zaidi, uso wake una vikunjo vidogo, na povu au mchanga uliochanganyika na maji unaonekana ukielekea nje. Kwa jicho la mgeni hapo ndipo pa kuogelea, kwa kuwa ndipo palipotulia. Palipotulia hivyo ndipo maji yote yaliyosukumwa ufukweni yanapotokea. Mkondo wa namna hiyo unaweza kufikia mwendo wa mita 2 na zaidi kwa sekunde, ambao hata bingwa wa Olimpiki hawezi kushindana nao.

Ukikubeba, usipambane nao kuelekea ufukweni. Haukuzamishi, unakupeleka nje tu, na nguvu yake huisha nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjika. Elea, vuta pumzi, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ujia huo, kisha rudi kwa kufuata mawimbi. Mwenzako aliyebaki nchi kavu asikurukie majini mikono mitupu. Akurushie chochote kinachoelea, hata dumu tupu lililofungwa kifuniko, na asikuondolee macho.

Mahali palipozungushiwa mwamba, maji ya ndani huonekana salama kwa sababu hayana mawimbi. Nayo yana mlango wake, ule ujia unaokata mwamba ambako boti hupita. Maji yakiwa yanapwa, sehemu kubwa ya maji ya ndani hutokea hapo kwa kasi. Ogelea mbali na mlango, hasa katika saa za katikati ya kupwa.

Na ukihisi tetemeko refu au la nguvu, ukaona bahari inarudi nyuma ghafla na kuacha samaki mchangani, au ukasikia mngurumo mzito kutoka baharini, acha vitu vyote upande juu. Tarehe 26 Desemba 2004, katika ufukwe wa Mai Khao, Phuket, Thailand, msichana wa miaka 10 kutoka Uingereza alitambua dalili za tsunami alizofundishwa darasani wiki mbili kabla. Wazazi wake wakatoa habari, watu wakaondolewa ufukweni kabla mawimbi hayajafika. Usisubiri king'ora, kwenye ufukwe wa faragha hakipo.

Hatua ya 7: Angalia unapokanyaga na unaposhika

Ukitembea kwenye maji ya kina kifupi chenye mchanga, buruta miguu badala ya kuinyanyua. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na ukimgusa ubavuni anakimbia, ila ukimkanyaga mgongoni anachoma kwa mkia. Penye mawe kuna nungu bahari mwenye miiba mirefu, na kuna samaki-jiwe ambaye huwezi kumtofautisha na jiwe mpaka umemkanyaga. Kwa michomo ya hawa watatu huduma ya kwanza ni moja: loweka sehemu iliyochomwa katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto hupunguza makali ya sumu. Halafu nenda hospitali, hasa kama ni samaki-jiwe au kama mwiba wa taa umeingia kifuani au tumboni.

Yavuyavu wenye umbo la sanduku, wanaopatikana hasa kaskazini mwa Australia na kusini mashariki mwa Asia, wanaweza kuua kwa dakika chache. Mimina siki juu ya nyuzi zilizobaki kwenye ngozi kwa angalau sekunde 30, usisugue, usioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na tafuta msaada mara moja. Konokono wa bahari mwenye gamba zuri la umbo la pia usimwokote akiwa hai. Baadhi yao wana sumu inayoua.

Nchi kavu, usilale chini ya mnazi wenye nazi. Ukiwa Karibi, Florida au Amerika ya Kati, jifunze kuutambua mti wa manchinili kabla ya kutafuta kivuli. Utomvu wake mweupe huchubua ngozi na kuumiza macho, na mvua ikinyesha, matone yanayopita kwenye majani yake yanatosha kukuunguza. Tunda lake la kijani lina harufu tamu na ni sumu.

Hatua ya 8: Kaa bila kuuharibu

Asubuhi mapema unaweza kukuta alama zinazotoka majini, zinapanda mchanga mkavu, zinazunguka, zinarudi majini, pana na zenye mikwaruzo pande mbili kama zilizoachwa na tairi la trekta. Ni kasa ametaga usiku. Usikanyage pale palipovurugwa, usichomeke mwavuli, usiwashe moto karibu. Ukikaa mpaka usiku, zima taa nyeupe, kwa kuwa vitoto vya kasa hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga, na taa yako huwapeleka nchi kavu wanakokauka na kuliwa. Ukiwaona wanatembea, wapishe. Usiwabebe kuwapeleka majini, hata kwa huruma.

Usisimame juu ya tumbawe. Yale ya mviringo makubwa hukua chini ya sentimita 2 kwa mwaka, na pigo moja la mapezi ya kuogelea uliyovaa miguuni linavunja kazi ya miaka mingi. Matumbawe ya mawe, makome ya chaza wakubwa sana waitwao Tridacna na makombe ya konokono mkubwa wa Karibi aitwaye malkia yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ulichookota kimekufa kinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Kiache. Kombe tupu ni nyumba ya kaa atakayelihitaji.

Haja kubwa ichimbiwe shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini na vijitoni, na karatasi urudi nayo. Taka zote zirudi nawe, maganda ya matunda yakiwemo.

Jambo jingine nalisema kwa moyo wote: weka picha mtandaoni ukitaka, lakini usiweke mahali kamili. Ufukwe mdogo usio na choo wala mlinzi hauwezi kubeba watu mia kwa siku, na ukishachakaa hakuna wa kuurudisha.

Hatua ya 9: Ondoka mapema

Anza kufunga vitu saa moja kabla ya muda uliopanga. Hesabu watu, tazama kijiti chako, pita mchangani mara moja kukusanya kila kilichodondoka. Ukifika penye mtandao, mjulishe uliyemwachia ratiba kabla ya jambo lingine lolote, asije akaita waokoaji.

Kisha jikague miguu na magoti. Mchubuko wa tumbawe ni mdogo kwa macho lakini huacha chembechembe ndani na hupata maambukizi kwa urahisi. Uoshe kwa sabuni na maji safi mengi, toa chembe kwa kibano, weka dawa, funika, na usirudi baharini mpaka kidonda kimekauka. Ukiona wekundu unaenea, kidonda kina joto na kinauma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, au homa imekupanda, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na umwambie umejikata kwenye tumbawe.